Bao la ugenini: tuulize kwanza ni mwaka gani na kombe gani

Ndugu Mhariri,

Kila hatua ya mtoano inapowadia, kurasa za michezo na vipindi vya redio hurudia kosa lile lile kuhusu kanuni ya bao la ugenini, yaani jumla ya mechi mbili ikilingana, hupita timu iliyofunga mabao mengi zaidi ugenini. Matokeo ya Ulaya ya zamani husomwa kwa kanuni za miaka ya karibuni, na matokeo ya Afrika husomwa kwa kanuni za Ulaya. Msomaji anabaki hajui kwa nini timu fulani ilipita na nyingine ikatoka wakati jumla ya mabao ni sawa.

Kombe la Klabu Bingwa Ulaya lilipoanza msimu wa 1955/56 likiwa na timu 16, bao la ugenini halikuwa na uzito wowote wa ziada. Mabao ya mechi mbili yalijumlishwa, na yakilingana ilichezwa mechi ya tatu. Msimu uliofuata mabingwa watetezi Real Madrid waliifunga Rapid Vienna 4-2 nyumbani, wakaenda kuchapwa 3-1 Vienna. Jumla 5-5. Rapid walikuwa na mabao mawili ya ugenini, Madrid moja. Kwa kanuni iliyokuja baadaye, Madrid wangekuwa nje. Lakini mechi ya tatu ikachezwa, tena Madrid kwenyewe, wakashinda 2-0 na mwisho wa msimu wakabeba kombe. Yale makombe matano mfululizo ya 1956 hadi 1960 yanasifiwa sana, na ni haki yake, ila mechi hiyo haitajwi.

Mechi ya tatu ilikuwa na tatizo lake: tarehe hazikupatikana kirahisi katikati ya ratiba ya ligi, na yenyewe iliweza kuisha sare. Hapo ndipo ilipopigwa kura ya bahati nasibu. Mapema mwaka 1965 Liverpool na Köln walitoka 0-0 mara mbili, kisha, mwezi Machi, 2-2 mjini Rotterdam baada ya dakika 30 za nyongeza. Baada ya dakika 300 za soka, mwamuzi alirusha kisahani chenye upande mwekundu na upande mweupe. Mara ya kwanza kilisimama wima kwenye tope, ikabidi kirushwe tena, na Liverpool wakapita.

UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilianza kutumia bao la ugenini katika Kombe la Washindi (la timu zilizotwaa makombe ya nchi zao) msimu wa 1965/66, ambapo Honvéd ya Budapest iliitoa Dukla Prague kwa jumla ya 4-4. Klabu Bingwa ilifuata 1967/68, na Benfica wakaiondoa Glentoran baada ya 1-1 Belfast na 0-0 Lisbon. Hata hivyo kura haikufa siku hiyo. Novemba 1969 Celtic walishinda 3-0 Glasgow, Benfica wakarudisha 3-0 Lisbon. Hakuna aliyefunga ugenini, kwa hiyo sarafu ikarushwa na Celtic wakasonga mbele. Matuta, yaani mikwaju ya penalti, yaliingia msimu wa 1970/71, Everton wakiwa wa kwanza kupita kwa njia hiyo katika Klabu Bingwa, mbele ya Borussia Mönchengladbach.

Mkanganyiko mkubwa kuliko wote ulitokea Novemba 1971, katika Kombe la Washindi. Rangers ya Glasgow waliifunga Sporting ya Lisbon 3-2 kwao. Lisbon, Sporting nao wakaongoza 3-2 hadi dakika ya 90. Katika dakika za nyongeza kila upande ulipata bao moja, ikawa 4-3, jumla 6-6. Mwamuzi akaamuru matuta, Sporting wakashinda, mashabiki wao wakasherehekea. Kumbe kanuni ilisema bao la ugenini lililofungwa katika muda wa nyongeza nalo linahesabiwa: Rangers walikuwa na matatu, Sporting mawili. Uamuzi ukabatilishwa, Rangers wakapita, na mwaka 1972 wakalitwaa kombe lenyewe. Ikiwa mwamuzi wa kimataifa aliteleza akiwa uwanjani, mwandishi ana kila sababu ya kufungua kanuni kabla ya kuandika.

Kipengele hicho cha muda wa nyongeza ndicho kilichokuwa na dhuluma, kwa maoni yangu. Mgeni wa marudiano alipewa dakika 30 zaidi za kutafuta bao lenye uzito, fursa ambayo mwenzake hakuipata katika mechi ya kwanza. Akifunga dakika ya 100, mwenyeji alihitaji mawili. Juni 2021 UEFA iliifuta kanuni yote kuanzia msimu wa 2021/22. Ilieleza kwamba tangu katikati ya miaka ya 1970 ushindi wa nyumbani ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 61 hadi 47, na wa ugenini umepanda kutoka 19 hadi 30. Sasa jumla ikilingana ni dakika 30, kisha matuta.

Afrika ni habari nyingine. Katika fainali ya Kombe la Shirikisho la CAF, shirikisho la soka la Afrika, mwaka 2023, Yanga walifungwa 2-1 Dar es Salaam na USM Alger, wakashinda 1-0 Algiers. Jumla 2-2, kombe likaenda kwa USM Alger kwa mabao ya ugenini, miaka miwili baada ya Ulaya kuachana nayo. Mwaka huo huo Simba na Wydad ya Morocco walishinda 1-0 kila mmoja kwake katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, wakaenda moja kwa moja kwenye matuta bila dakika za nyongeza, Wydad wakashinda 4-3. Kwa hiyo ile dhuluma ya dakika 30 haikuwapo hapa. Anayetaka CAF iifute kanuni hii atafute hoja nyingine.

Ombi langu kwa dawati la michezo ni dogo. Mnapochapisha matokeo ya mtoano, andikeni alama ya kila mechi na uwanja wake, si jumla peke yake. Ongezeni mstari mmoja: bao la ugenini linahesabiwa au la, na muda wa nyongeza upo au haupo. Kwa mechi za kabla ya 1970, semeni pia kama ilichezwa mechi ya tatu au ilipigwa kura.

Msomaji wenu,
Morogoro