Kulia na kushoto ni kwa mwigizaji, si kwa mtazamaji

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wenzangu wanaolea klabu za maigizo. Tunawakaririsha watoto maneno mpaka wanayaota, kisha tunawapandisha jukwaani bila kuwaambia jukwaa lenyewe likoje.

Kulia na kushoto huhesabiwa kwa mwigizaji anayewatazama watazamaji. Mwelekezaji aliyeketi ukumbini akisema "toka kulia", kwake huko ni kushoto. Asiyejua hilo atagongana na mwenzake mlangoni, na tanzia igeuke kichekesho.

Sauti ndiyo inayoniudhi zaidi. Shule nyingi huigiza bwaloni, chini ya bati, na mtoto hudhani dawa ni kupiga kelele. Koo linakauka kabla ya onyesho la pili! Avute pumzi hadi tumboni, kisha amalizie neno. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya kabla ya mwisho, hivyo ile ya mwisho humezwa kirahisi. Mweke mwanafunzi mmoja benchi la nyuma kabisa, anyooshe mkono kila neno lisipomfikia. Vile vipaza sauti vya kukodi vya harusini vipumzike.

Watu wakicheka, ngojeni kicheko kianze kushuka ndipo mseme.

Wenye nauli wawapeleke vijana Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981, leo TaSUBa, wakaone wanafunzi wenzao wakiigiza. Hata onyesho moja litawafaa kuliko madaftari yangu yote.

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga