Nitafutie marekani

Ujiji, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwamvita,

Assalaam aleikum. Huku wote wazima, wa kulalamika ni mimi peke yangu. Najua umeninunia. Tangu tuachane pale stesheni kabla ya Ramadhani sijakupigia hata mara moja, na salamu zako kwa Bi Hawa zimenifika zote, pamoja na ile ya "mwambie sijafa bado". Nastahili. Na leo nakuandikia kwa sababu nina shida, usidhani nimetubu.

Shida yenyewe mapazia.

Usicheke. Unayakumbuka yale madirisha mawili ya sebuleni, yanayotazama ziwani? Kila mgeni anasifu upepo. Hakuna anayekaa mpaka saa kumi, jua linaposhuka upande wa Kongo na kuingia lote ndani. Basi nikaenda mjini kutafuta pazia zito. Muuzaji akanitolea kitambaa kinang'aa, kizito, kina maua, akaapa kwa mama yake kuwa ni pamba tupu. Nikakishika, nikakipenda, nikalipa. Shoga, tangu siku hiyo tunaishi ndani ya chupa ya chai. Umeme ukikatika tu, watoto wanabeba mikeka wanahamia barazani.

Wasiwasi ukanishika. Nikachomoa nyuzi mbili pindoni, nikaziwashia kiberiti jikoni. Pamba ikiungua inanuka karatasi, na jivu lake laini, ukilipuliza halipo. Hizi zangu zilijikunja, zikayeyuka, zikaacha kidonge cheusi kigumu kama punje ya pilipili manga, na tone moja likanigandia kidoleni mpaka nikapiga kelele. Poliesta! Baba Shani akaja na kikombe, akadondoshea maji, yakabingirika kama juu ya jani la gimbi. Akasema, "Haya, angalau mvua haitaingia." Nilimtazama tu.

Tena harufu. Mlango wa jikoni kwangu unaujua, haufungi. Nikikaanga migebuka kwa mawese Jumamosi, pazia linanikumbusha mpaka Jumatano. Nyuzi zile zinashika mafuta kuliko zinavyoshika maji, ndiyo maana nafua na harufu ipo. Shuka zangu za pamba nazitia maji ya moto, naanika, kwisha. Hili nikilitia maji ya moto litajikunja lote.

Na mama mkwe anakuja kutoka Kasulu mwezi ujao. Unamjua yule mama. Hatasema kitu, atajipepea kwa ncha ya khanga, basi.

Kwa hiyo naomba unitafutie marekani hapo Tabora, ile nguo nzito ya pamba isiyopaushwa, ya rangi ya maziwa yaliyokaa motoni. Huku nimezunguka Mwanga kote nimepata bafta tu, ile nyembamba nyeupe, na sitaki mkwe wangu adhani nimemwandalia sanda. Ajabu ni kwamba kitambaa hiki hapa Ujiji kilikuwa ndiyo fedha. Karne ya 19 kilifumwa huko Marekani, ndiko lilikotoka jina, kikaja Unguja kwa meli, kisha wapagazi wakakibeba toka pwani, wakapita kwenu, mpaka soko letu hili. Mtu ananunua mbuzi kwa mikono ya nguo! Bibi mpaka anafariki alikuwa anapimia kiwiko: mikono 4 shuka, mikono 8 doti. Leo mjukuu wake anaagiza Tabora. Na pamba inalimwa Igunga, mkoani kwenu hapo hapo, halafu mimi nauziwa... Basi, tuyaache.

Hesabu nimepiga. Kila dirisha lina upana wa mita 1.5, na pazia linataka mara mbili ya dirisha ili likae na marinda. Kitambaa kikiwa na upana wa mita 1.5, ni vipande viwili kila dirisha, vinne jumla. Kutoka kwenye bomba mpaka chini ni mita 2.2, lakini kata 2.5. Jumla mita 10. Hizo sentimita 30 si ubadhirifu, ni pindo na kurudi. Unakumbuka ya chumbani mwaka juzi? Nilishona kabla ya kulowesha, nikafua mara moja, mapazia yakavaa kaptula. Pamba inaweza kurudi sentimita 5 kila mita. Safari hii nalowesha usiku kucha, naanika kivulini, ndipo fundi aguse mkasi. Nitatia na bitana, maana jua lile la jioni linakula pamba pia.

Baba Shani kasikia kwa shemeji yake kwamba matajiri wanatumia kitani. Akasema, "Si ile ya kufungia mbuzi?" Nikamwambia hiyo katani, baba, ya mkonge. Kitani ni nguo, na bei yake tutauza pikipiki. Hata hivyo zulia la katani tunalo mlangoni, linafaa kwa vumbi letu jekundu, ila msimu wa mvua lilipata ukungu hadi nikalitoa nje. Mkeka wa ukindu unanitosha.

Nimesahau: mito. Ile ya sponji iliyokatwakatwa imekuwa mabonge. Nataka sufi.

Sasa nijibu. Yule fundi wa Gongoni bado anauza vitambaa mle mle dukani kwake, au kafunga? Bei gani kwa mita siku hizi? Ukipewa, utavuta uzi na kuuchoma mbele yake, au utaona haya? (Usione haya. Mimi nina kovu.) Msufi wa nyuma ya kwa kina Ramso bado unaangusha? Hela nitume kwa simu yako au ya Bi Hawa, ile namba yenye nane nyingi? Nani anakuja huku na treni, asiyesahau mizigo ya watu? Na wewe lini? Na mguu wa mama unaendeleaje, wameutoa plasta?

Nakusubiri. Shani anakusalimu, anauliza zawadi yake, mimi sijui ulimwahidi nini.

Wako,
Mama Shani