Kwa nini simu mbili za jina moja hazina gharama moja

Malalamiko yanayotufikia mara nyingi zaidi katika duka letu la simu hapa barabara ya Luthuli, Nairobi, ni ya mteja anayehisi amelanguliwa, kwa kuwa rafiki yake ana simu ya jina lile lile na hakutozwa kiasi kile. Hivi karibuni mteja mmoja alileta Samsung Galaxy S9 aliyotumiwa na nduguye aliye Marekani ili tuifungue ikubali laini za hapa, na alipotajiwa gharama akajibu kwamba mwenzake kazini ana S9 iyo hiyo na hajawahi kulipia kufunguliwa. Alisema kweli. Simu ya mwenzake ilikuwa modeli ya SM-G960F, yenye prosesa (kichipu kikuu) ya Exynos 9810. Yake ilikuwa SM-G960U, yenye Snapdragon 845, iliyotengenezewa kampuni za simu za Marekani na kufungwa itumie laini zao tu.

Desturi hii ya kila kampuni kutengenezewa simu yake ni ya zamani. Mwaka 2010 Galaxy S ya kwanza iliuzwa huko kwa jina la Captivate na AT&T, Vibrant na T-Mobile, Fascinate na Verizon, na Epic 4G na Sprint, hii ya mwisho ikiongezewa kibodi ya kutelezesha. Hata IDEOS ya Huawei, iliyopendwa sana hapa Kenya, T-Mobile waliiita Comet. Kila kampuni hutaka masafa yake, programu zake na nembo yake, na tena hutaka mteja aliyechukua simu kwa mkopo asihamie kwingine kabla ya kumaliza deni. Ndiyo sababu huifunga.

Wateja wengi hufika kwetu wakiwa wamekwisha kujaribu njia ya mkato. Wapo waliokwenda kuflashiwa, yaani kuwekewa upya mfumo wa simu, kwa programu ya SM-G960U1, ile iliyouzwa Marekani bila kampuni, wakafurahi kuona nembo na programu za kampuni zimetoweka, kisha wakatia laini na kukuta simu bado imefungwa, maana kuflashi hakuondoi kufuli la mtandao. Wengine hulazimisha programu ya Exynos kwenye Snapdragon, na hapo tunapokea simu isiyowaka. Dereva mmoja wa teksi alinunua iPhone ya bei ya chini yenye kichipu chembamba kilichobandikwa chini ya laini. Siku aliposasisha mfumo, mtandao ulipotea, akalazimika kulipia upya kazi ambayo ingefanywa mara moja ipasavyo.

Bei yetu inajumuisha kukagua IMEI, yaani nambari ya utambulisho ya kila simu, huduma ambayo nasi tunailipia hata pale jibu linapokuwa kwamba simu haifunguki. Ikiwa ina deni ambalo halijalipwa kwa kampuni iliyoiuza, tunamwambia mwenyewe waziwazi na hatuchukui pesa ya kuifungua, ingawa wapo wanaoipokea na kumzungusha mteja kwa majuma.

Kabla ya kumlipa muuzaji yeyote, bonyeza *#06# upate IMEI, ufungue mipangilio usome nambari ya modeli, kisha ututumie zote mbili. Anayenunua iPhone 14 iliyotoka Marekani aangalie pia ubavu wake: haina trei ya laini kabisa, hutumia eSIM pekee, yaani laini iliyo ndani ya simu isiyo na kadi ya kutia.