Sailensa ya kuchomeka kwenye pikipiki ya zamani: kwa nini klempu pekee haitoshi

Wateja wengi wanaotuletea pikipiki hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, wakilalamika kwamba sailensa mpya imelegea tena huwa wamekwisha kuikaza klempu (pete ya chuma inayobana maungio kwa boliti) mara kadhaa, na wengine wameikaza mpaka boliti yake imekatika. Mara nyingi klempu haina kosa. Sailensa ya kuchomeka, yaani ile inayovishwa kwenye bomba linalotoka injini bila bomba lenyewe kubadilishwa, hushikwa mahali pawili penye kazi tofauti: klempu huziba maungio ili moshi usivuje, na breketi, yaani kishikio cha chuma kilichofungwa kwenye fremu, hubeba uzito. Breketi ikiwa dhaifu au ikikosekana, kila shimo la barabara ya Bududa huirusha sailensa juu na chini, na mtikisiko huo husafiri kupitia bomba la mbele hadi kwenye studi (boliti zisizo na kichwa) za silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini bomba linapofungwa. Studi ya chuma ikikatikia ndani ya hedi ya aluminiamu, kuitoa kunaweza kumgharimu mteja kuliko sailensa aliyoinunua.

Kwa hiyo, kabla ya kushika spana yoyote, tunapima. Bomba lililofanya kazi miaka mingi si duara kamili tena, kwa sababu kutu imelila upande mmoja na klempu za zamani zimelibonyeza upande mwingine. Tunapima kipenyo chake cha nje mahali patatu, kisha tunapima kipenyo cha ndani cha sailensa. Sailensa inayofaa huingia kwa kusukumwa kwa mkono huku ikizungushwa kidogo, na huingia hadi mpasuko ulio mdomoni mwake ukae wote juu ya bomba, kwani mpasuko unaobaki wazi huvuja hata klempu ikazwe vipi. Ikicheza, baadhi ya mafundi hukata kopo la soda na kulizungushia bomba. Kopo hilo ni aluminiamu nyembamba, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi na hulainika mapema zaidi, kwa hiyo hufanya kazi siku chache kisha nafasi hurudi. Sisi hutumia gasketi ya grafaiti yenye umbo la pete, au tunachonga kipande cha bomba la chuma kisichoshika kutu ili kujaza nafasi hiyo. Silikoni ya kawaida haifai hapo, kwa kuwa huungua.

Breketi ndiyo inayotuchukulia muda mwingi, na tunaomba mteja asishangae akituona tumeichungulia fremu ya nyuma kwa muda mrefu kuliko tulivyoitazama sailensa. Pikipiki iliyobeba magunia ya kahawa kutoka miteremko ya Elgon kwa miaka mingi huwa fremu yake imepinda kidogo, na tundu la breketi haliko tena pale kiwanda kilipoliweka. Kipimo chetu ni rahisi: sailensa ikiwa imechomekwa bila kukazwa, boliti ya breketi lazima ipite kwenye matundu yote kwa vidole. Ikibidi sailensa ivutwe kwa boliti ili matundu yakutane, bomba la mbele litakaa likiwa limekazwa kama upinde, na ufa utatokea penye weldingi. Hapo tunatengeneza breketi mpya ya bati nene la chuma, na kati yake na sailensa tunaweka bushi ya raba, kwa maana injini ya silinda moja hutikisika sana. Wako wanaotuomba tuichomelee sailensa moja kwa moja kwenye fremu ili wamalizane nayo. Kazi hiyo hatuifanyi, kwa sababu kitakachopasuka baadaye ni fremu.

Kila kitu kikishakaa mahali pake kikiwa kimelegea, tunakaza kuanzia mbele: kwanza nati za kwenye hedi, kidogo kidogo kwa zamu, halafu klempu, na breketi mwisho. Nati zenye pete ya nailoni hatuzitumii karibu na bomba, ingawa ni nzuri sana kwingineko, kwa kuwa nailoni hulainika kwa joto na nati hubaki bila kizuizi. Tunatumia nati za kujifunga za chuma kitupu, na kwenye nyuzi za boliti tunapaka grisi ya shaba ili ziweze kufunguka baada ya miaka.

Baada ya hapo wateja huuliza kama kabureta ibadilishiwe jeti, yaani kitundu kinachopima petroli inayoingia kwenye injini. Sailensa iliyo wazi zaidi huweza kupunguza petroli ikilinganishwa na hewa, lakini Mbale iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba, na pikipiki iliyowekewa jeti za nchi tambarare huwa tayari inakunywa petroli kupita kiasi kidogo. Anayepanda Kapchorwa kila siku analihisi hilo zaidi. Tunaiangalia rangi ya plagi kwanza: kahawia hafifu tunaiacha, nyeupe tunashughulikia jeti. Mlio wa kupasuka-pasuka unaposhuka mlima huku umeachia mkono wa mafuta mara nyingi ni hewa inayoingia penye maungio, na dawa yake ni gasketi.

Yamaha AG 100 na DT 125 tunaziweka kando. Injini zao ni za mipigo miwili, na umbo la bomba lote ni sehemu ya nguvu ya injini, kwa hiyo tunabadilisha kipande cha mwisho tu, tena kwa kufuata vipimo vya kile cha zamani. Kizuia sauti kilicho ndani hatukitoi kwenye pikipiki yoyote; Uganda ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2003, na majirani wa karakana yetu nao wana masikio.

Endesha kilomita 50 hivi, kisha urudi pikipiki ikiwa imepoa, kwa maana gasketi mpya hukaa chini baada ya kupata joto na nati zote huhitaji kukaguliwa upya. Ukaguzi huo hatuutozi pesa. Ukija, uje na sailensa ya zamani pia, hata kama imeoza, kwa sababu breketi yake hutuonyesha kiwanda kilikusudia uzito ukae wapi.