Vyuo vifundishe kupanga kihariri cha msimbo kabla ya programu ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo sisi tunaofundisha uandishi wa programu za kompyuta hulipita kila siku bila kulitilia maanani. Jambo hilo ni mipangilio ya kihariri cha msimbo, yaani ile programu ambamo mwanafunzi huandikia maagizo ya kompyuta: namna inavyoyapaka maneno rangi, inavyoijongeza mistari kuelekea kulia, na inavyolipanga faili zima linapohifadhiwa. Vyuo ninavyovifahamu humkalisha mwanafunzi mbele ya kompyuta, humwandikia programu ya kwanza ubaoni, na hayo mengine humwachia ayagundue mwenyewe. Naamini kufanya hivyo ni kumwonea.

Mimi hufundisha lugha ya Python kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Muhula uliopita binti mmoja alinifuata jioni, akaniamkia, akaweka kompyuta mpakato yake mezani na kusema, "Mwalimu, nimeandika kama ulivyoandika wewe, neno kwa neno, na bado inakataa." Niliisoma mistari yake 14 mara mbili nisione kosa. Mabano yalifungwa, nukta pacha zilikuwepo, na mistari iliyo chini ya sharti ilijongezwa kama inavyotakiwa. Hata hivyo, kila alipoiendesha programu, kompyuta ilirudisha kosa liitwalo TabError. Nilipowasha mpangilio wa kuonyesha nafasi tupu, chanzo kikaonekana papo hapo: mistari 3 aliyoinakili kutoka kwa mwenzake ilianza kwa vinukta vinne vidogo, ambavyo ni nafasi nne, na mistari aliyoiandika kwa mkono wake ilianza kwa mshale mmoja mrefu, ambao ni alama ya Tab. Kwa macho, yote ilianzia mahali pamoja. Kwa Python ya toleo la 3, ambayo hutambua kwa ujongezaji mstari upi uko chini ya upi, mchanganyiko huo haukubaliki. Binti yule alikuwa amepoteza siku mbili, na alishaanza kuamini kwamba kazi hii haimfai, wakati kosa lilikuwa letu sisi tuliompa kihariri bila kumwonyesha mahali pa kubofya.

Kisa cha pili hutokea kwangu kila mwaka. Mwanafunzi huandika maelezo yake katika Microsoft Word, huyatuma kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na wenzake huyanakili na kuyabandika kwenye kihariri. Word huwa imebadilisha alama za kunukuu, zile za kufungua na kufunga maneno, zikawa zile zilizopinda, na Python haizitambui. Aliyezima rangi, au anayeandikia katika Notepad tupu, atakesha na kosa hilo. Aliyewasha rangi ataliona kabla hata ya kuendesha programu, maana maneno yaliyopaswa kugeuka kijani, au rangi yoyote ambayo kihariri chake hutumia kwa matini, yamebaki na rangi ileile ya majina ya kawaida.

Hapa nataka kusema jambo ambalo sijaliona likizungumzwa, nalo linatuhusu hasa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili. Lugha karibu zote za programu tunazofundisha zimejengwa kwa maneno ya Kiingereza, na mwanafunzi ambaye Kiingereza chake bado hakijakomaa hushindwa kujua ni neno lipi la mashine na lipi alilibuni mwalimu. Chukua mstari huu: for bei in bei_zote: jumla = jumla + bei. Maneno for na in ni ya Python yenyewe, ambayo ina maneno 35 iliyojihifadhia. Bei, bei_zote na jumla ni majina tuliyoyatunga sisi, na tungeweza kuyaita vyovyote. Ukiandika majina yako kwa Kiswahili na ukawasha rangi, mpaka huo hujichora wenyewe kwenye kioo: ya mashine yana rangi moja, yako yana nyingine. Nimeshuhudia mwanafunzi akinyamaza, akautazama mstari wa namna hiyo, kisha akasema, "Kumbe haya ya zambarau ndiyo ya kukariri, mengine ni yangu." Wiki tatu za maelezo yangu ubaoni hazikuwa zimemfikisha hapo.

Wapo walimu wenzangu, tena wenye uzoefu kunizidi, wanaoshikilia kwamba rangi na upangaji wa kiotomatiki humdekeza mwanafunzi, na kwamba atakayeandika msimbo kwa kalamu kwenye chumba cha mtihani hana budi kuuzoea ukiwa mweusi mtupu. Hoja yao naiheshimu, na kwa sehemu nakubaliana nao: zana inayomalizia sentensi kwa niaba ya mwanafunzi anayeanza humwibia mazoezi. Kupanga msimbo, hata hivyo, ni jambo tofauti kabisa na kuuandika. Black, mpangaji wa Python (yaani programu inayopanga msimbo yenyewe) aliyetoka mwaka 2018, hatamwamulia mwanafunzi kama mstari fulani uko ndani ya sharti au nje yake, kwa sababu katika Python uamuzi huo ndio maana yenyewe ya programu. Atasawazisha nafasi, atakata mistari inayozidi herufi 88, atalinganisha alama za kunukuu. Kufikiri kunabaki kwa mwanafunzi kama kulivyokuwa.

Anayedhani kwamba mpangilio wa mistari ni pambo tu na autazame mkasa wa Februari 2014, Apple ilipolazimika kutoa sasisho la haraka la iOS 7.0.6. Katika msimbo wa lugha ya C uliokuwa ukihakiki usalama wa mawasiliano ya simu zake, mstari usemao goto fail, yaani ruka hadi sehemu ya kushindwa, ulikuwa umeandikwa mara mbili, mmoja chini ya mwingine, na yote miwili ilijongezwa sawasawa chini ya sharti moja. Kwa jicho la binadamu, yote miwili ilisubiri sharti litimie. Kwa C, sharti lisilo na mabano hushika mstari mmoja tu unaofuata, kwa hiyo ule wa pili ulitekelezwa kila mara, na uhakiki wa sahihi ya kidijitali uliokuwa ukifuata ukarukwa kabisa. Msimbo ule ungepitishwa kwenye mpangaji wa kiotomatiki, mstari wa pili ungerudishwa kushoto, nje ya sharti, na yeyote aliyeusoma angeshtuka. Miaka miwili baadaye kikusanyi cha GCC, yaani programu inayogeuza msimbo wa C kuwa lugha ya mashine, katika toleo lake la 6, kiliongezewa onyo mahususi kwa ujongezaji unaodanganya macho.

Watu wa kazini nao hawajasalimika. Kuna mradi mmoja niliowasaidia vijana wawili ambamo kihariri cha mmoja kilijongeza kwa nafasi mbili na cha mwenzake kwa nafasi nne, na vyote viwili vilipanga faili kila lilipohifadhiwa. Badiliko la mstari mmoja lilionekana katika Git, programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, kama badiliko la mamia ya mistari, wakabishana, na kosa halisi lililokuwa limejificha katikati likapita hadi kwa mteja. Dawa yake wala si ngumu. Wanaotumia lugha ya Go hawana ugomvi huo kwa kuwa gofmt, mpangaji wao, huja na lugha yenyewe na kila mtu hufuata umbo lake moja. Wengine wote wanaweza kukubaliana mara moja, wakapanga upya mafaili yote katika badiliko moja lisilo na jambo jingine ndani yake, na kuielekeza Git iliruke badiliko hilo inapotafuta nani aliandika nini, jambo linalowezekana tangu toleo la 2.23 la mwaka 2019.

Makubaliano hayo huandikwa katika faili dogo liitwalo .editorconfig, linalokaa kwenye folda kuu ya mradi na kusomwa na vihariri vingi, ingawa kihariri cha VS Code huhitaji kwanza kuwekewa kiendelezi chake. La darasani kwangu lina mistari michache tu: herufi zihifadhiwe kwa mfumo wa UTF-8, ujongezaji uwe wa nafasi nne, miisho ya mistari iwe ya namna moja kwa wenye Windows na wenye Linux, nafasi tupu mwishoni mwa mistari ziondolewe, na Makefile, faili la maagizo ya kuunda programu, peke yake ibaki na alama ya Tab kwa kuwa haikubali kingine. Kwenye VS Code yafaa pia kuwasha upangaji wakati wa kuhifadhi, ambao huja ukiwa umezimwa, na kuweka nafasi tupu zionekane muda wote.

Suala la rangi lisiachwe kwa mazoea ya mwalimu. Mandhari ya giza yanayopendwa na vijana hufifia kabisa kwenye projekta katika darasa lenye madirisha wazi saa sita mchana, na waliokaa nyuma huona weusi mtupu. Darasani tumia mandhari meupe na herufi kubwa. Tena, wapo wanafunzi, hasa wavulana, wasiotofautisha nyekundu na kijani, na wengi wao hawasemi mpaka waulizwe. Na mwenye kompyuta ya mtumba inayolemewa na programu nzito asidhani kwamba haya hayamhusu: kihariri cha Vim ni chepesi, na kimekuwa na rangi za sintaksia tangu toleo la 5.0 la mwaka 1998. Muasisi wake, marehemu Bram Moolenaar wa Uholanzi, aliwahi kujitolea katika miradi ya maji huko Kibaale, kusini mwa Uganda, na mpaka mwisho wa maisha yake aliwaomba watumiaji wa Vim wawachangie watoto wa huko.

Ombi langu kwa wakuu wa idara za kompyuta ni kwamba, kabla muhula haujaanza, kila kompyuta ya maabara iwekewe mipangilio hii, na mtaala utenge walau vipindi viwili vya kuifundisha. Kwangu mimi, kipindi cha kwanza cha muhula ujao hakitakuwa na programu ya kuandika. Kila mwanafunzi atafungua faili la mistari 20 nililoliharibu kwa makusudi, lenye Tab zilizochanganywa na nafasi na alama za kunukuu zilizopinda, atawasha rangi na nafasi tupu, na hataruhusiwa kuligusa mpaka aninyooshee kidole kila kosa alipoliona.

Wako,
Mwalimu wa programu za kompyuta,
Morogoro