Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyepiga picha kwenye kalavati letu

Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta pakavu.

Jina lako silitaji, wala ofisi yako. Ulikuja kwetu bondeni mwezi Oktoba, jua kali, umevaa buti mpya za mvua. Ukashika koleo, ukapigwa picha, ukasema masika hayatatukuta hivi tena. Mwenyewe unajijua.

Usiku wa kuamkia Jumanne yametukuta hivi hivi.

Mimi ni fundi cherehani. Maji yaliingia saa nane usiku, tena yalipitia chooni. Mlango nilikuwa nimeuziba kwa viroba vya mchanga, kama mlivyotufundisha kwenye semina yenu. Mtoto nikampandisha juu ya meza ya kukatia, godoro nikalisimamisha dirishani. Cherehani sikuweza kuinyanyua peke yangu. Asubuhi nilipofungua nyumba ya bobini likatoka tope jeusi linalonuka. Sare za shule 18 za watu zimelowa maji ya choo, na wenyewe wameshalipa nusu. Sijui nianze kumwambia nani.

Najua utajibu: tabianchi. Sikatai. Hewa ikiongezeka joto nyuzi 1 tu, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, na ikija kuumwaga inaumwaga kwa pupa. Nchi yenyewe hii kubwa: wengine tuna vuli na masika, wenzetu wa Songea wana msimu mmoja tangu Novemba mpaka Aprili, na kila mmoja ana kilio chake. Katesh, Desemba 2023, tope lilishuka toka Mlima Hanang likafukia watu na nyumba zao. Aprili 2024 Rufiji ikameza mashamba, na mwezi huo huo Waziri Mkuu akatusomea bungeni: vifo 155 vya mvua na mafuriko nchini kote. Mei kikaja Kimbunga Hidaya. Wewe unayajua hayo kuliko mimi, si ndiyo kazi yako?

Lakini tabianchi haikuingiza shina la mnazi kwenye kalavati letu. El Nino ile ya 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa iliitangaza tangu Agosti, kabla hata tone halijadondoka. Safari hii pia tahadhari ilifika, mpaka kwenye kisimu changu cha kitochi. Ofisini kwako ilisomwa na nani?

Kalavati lenyewe nusu limejaa mchanga, robo chupa za plastiki, na lile shina limekaa katikati kama kizibo. Nadhani mchanga unatoka kwa wanaochimba huko juu mtoni. Wengine wanasema ni ukuta wa tajiri mmoja umeubana mfereji. Mimi si mhandisi. Ila shina lilikuwepo siku ile ya picha. Itazame vizuri, liko nyuma ya bega lako la kushoto. Vijana walipotaka kulitoa waliambiwa wasubiri wataalamu.

Nilikaa nikaandika madai mengi: cherehani yangu, mfereji wa zege uliouahidi, fidia. Nimeyafuta. Mchele na mablanketi msituletee.

Leta kijiko, ule mtambo wa kuchimbulia, siku moja tu. Kama kijiko hakuna, leta ruhusa. Msumeno na kamba tunazo, na majina ya vijana yako kwa mjumbe. Mawingu yamefunga tena tangu alasiri.

Shina tu, Mheshimiwa.

Wako mtiifu,
Fundi wa bondeni