Ule unga wa nyama ya kuchoma

Kano, Nigeria, Jumamosi jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi wewe na watoto. Sisi huku hatujambo, ila joto halisemeki. Habari ya mishkaki yako kuungua imeniuma, na wageni wameshakaa! Kosa ni langu. Nilikwambia upake nyama karanga kama Wahausa, wenyeji wa huku, nikaishia hapo, nawe ukachukua siagi ya karanga ya kopo. Ile ina mafuta yake yote, pengine na sukari pia. Ikipata moto inaungua nyama ikiwa bado mbichi.

Wahausa wanatumia karanga iliyokwisha kukamuliwa. Ni mashudu, Mwanaidi, haya haya ambayo kwetu Tanga tunawapa ng'ombe. Jirani yangu anayatengeneza kila wiki, nami hukaa naye uani. Anakaanga karanga kidogo, anapukuta maganda, anasaga mpaka zinalainika, kisha anakanda kwa maji ya moto kidogo kidogo. Anakanda na kukamua, anakanda na kukamua, mpaka mafuta yanachuruzika kwenye vidole na donge linabaki gumu mkononi. Madonge anayafinyanga pete ndogondogo na kuzikaanga katika mafuta yale yale yaliyotoka. Hiyo ndiyo kuli-kuli. Inaliwa hivyo hivyo, inatafunika kwa kelele, na ukiitwanga inakuwa unga mkavu.

Unga huo ukichanganywa na viungo unaitwa yaji. Tangawizi kavu wanaiita citta mai yatsu, yaani yenye vidole. Itazame tangawizi utaona hawajakosea. Pilipili kavu nyingi, chumvi, kitunguu kilichokaushwa, na kimba, vijiganda vyembamba vyeusi vyenye harufu kama ya moshi. Mbegu zake zitoe, zina uchungu. Halafu kuna kanumfari. Nilipoinusa sokoni nilicheka peke yangu: karafuu! Jina lao na letu yote yametoka kwa Waarabu.

Mimi napimia vikombe viwili vya kuli-kuli, vijiko viwili vya tangawizi, kimoja cha pilipili, na karafuu robo kijiko cha chai, usizidishe. Twanga, chekecha, kisha chukua kidogo ufinye kiganjani. Ukifungua kiganja unga ukabaki donge, mafuta bado yamo. Ufunge kwenye kitambaa ukamue tena.

Nyama nayo usiikate vipande vya mishkaki. Mchomaji wa hapa mtaani ana kisu kirefu, anaifungua steki mpaka inakuwa pana na nyembamba kama kitambaa, ndipo anaitunga kwenye kijiti. Anaigaragaza kwenye yaji pande zote, anainyunyizia mafuta ya karanga. Vijiti havilali juu ya makaa. Anavichomeka wima kuuzunguka moto, nyama imeinamia joto, naye anavigeuza kimoja kimoja. Ndiyo maana unga unakauka na kushika bila kuwa mkaa. Kwenye jiko lako sogeza makaa upande mmoja, nyama uiweke upande wa pili, na uwe na subira.

Ikiiva anaikata, anaifunga kwenye gazeti na kitunguu kibichi, halafu anaongeza yaji juu yake. Hicho kiganja cha mwisho usikisahau, hakijapita motoni na ndicho chenye harufu. Huku kaskazini wanaiita tsire, Wanigeria wengine wanasema suya. Kuna aina nyingine, balangu, isiyopakwa karanga kabla ya kuchomwa, na mume wangu ndiyo anayoipenda. Mimi sijakubaliana naye.

Kuna mtu wetu anasafiri kuja Dar mwezi ujao. Nimemfungia kimba za kutosha na pete kumi na mbili za kuli-kuli. Kimba usizitwange mpaka siku ya kupika. Kuli-kuli zifiche, watoto wakizionja hazitafika kwenye kinu.

Nisalimie Mama sana.

Wako,
Zuhura